Damu ya Dorika

Siku ya Jumamosi, duka la vifaa la Mzee Narendra pale Kahama mjini halina pa kuweka mguu. Wachimbaji wameshuka kutoka migodini, kila mmoja ana bodaboda inamsubiri nje, na kila mmoja anataka ahudumiwe wa kwanza. Dorika, binti wa Tinde, alikuwa kaunta na blauzi yake ya kitenge cha manjano, akisikiliza oda tano kwa mpigo. Ndipo jamaa mmoja mrefu, ovaroli limejaa tope hadi magotini, alipoweka mbele yake mpira uliopasuka.

"Dada, nataka mpira wa pampu kama huu."

"Kuna watu wanane mbele yako."

"Nimewaona. Nitasubiri. Nionyeshe tu pa kusimama ambapo nitakuona vizuri."

Watu wakacheka. Dorika hakutaka kucheka, akacheka.

"Jina niandike nani?"

"Agapiti. Natoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Bulyanhulu, wenzangu wapate kushuka kuchimba. Na wewe, hiyo rangi ya mashavuni umenunua wapi? Imekukaa."

Dorika alijishika uso. Hakuwa amepaka kitu. Wekundu ule ulikuja wenyewe kila aliposhinda juani, ukatoka shavu moja ukapita juu ya pua hadi la pili, naye alikuwa ameuzoea kama alivyozoea kuamka vidole vimekakamaa. Lakini mwanamke akisifiwa uso haanzi kueleza maradhi. "Ya hapa hapa mjini," akajibu, akaandika risiti vibaya ikabidi aichane.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Kila jioni Agapiti alipanda juu ya kifusi cha mawe kutafuta mtandao.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Basi utakonda, maana ndiyo nakata."

Na hakati. Miezi saba haikuisha, barua ya posa ikawa imefika Tinde, wazee wa Ushirombo wakaja, mahari ikakubaliwa, na tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani. Yalibaki mawili. Padre, kama anavyowashauri wachumba wote, akawaambia wakapime afya.

Walikwenda Jumatano kwenye zahanati moja ya watu binafsi maeneo ya Nyahanga, wameshikana mikono. Mpimaji akawauliza kama wanataka kuitwa mmoja mmoja.

"Sisi hatuna siri," Agapiti akasema. "Tusomee pamoja."

Akawasomea. Virusi vya Ukimwi, wote hawana. Kaswende, Agapiti hana. Dorika anayo.

Walitoka hadi kwenye benchi la nje. Agapiti ndiye aliyeanza, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye kifusi.

"Niambie tu. Ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Mimi sina, wewe unayo. Umeitoa wapi?"

"Sijui. Agapiti, nitazame. Sijawahi kuwa na mwanamume, si kabla yako wala tangu nikujue. Uliniuliza, nikakwambia."

"Mdomo unaweza kusema lolote. Damu haidanganyi."

"Basi kaoe hiyo damu," Dorika akasema, akainuka, akaondoka kwa miguu kwenye jua la saa saba.

Jumapili mama yake alikuja kutoka Tinde kusikia tangazo la pili. Dorika alivaa gauni la bluu lililotoka kwa fundi juzi yake. Katekista akasoma wachumba wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakunja karatasi. Jina la Dorika halikutajwa. Vichwa viligeuka benchi kwa benchi, na mama yake akamshika mkono akaubana hadi misa ilipokwisha. Kumbe Agapiti alikuwa amempigia padre kusimamisha. Alikuwa amemwambia pia mama yake kule Ushirombo, na mama akasema lisemwalo lipo.

Dorika alichomwa sindano tatu, moja kila wiki, za ugonjwa asioujua ulikotoka. Akarudia kipimo. Bado anayo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, vidole vikavimba, na uchovu ukamwangusha hata kabla ya mchana. Moyoni alikuwa na hasira, na juu ya hasira alikuwa anamkumbuka mwanamume yule mpaka anajichukia.

Mwezi ulipotimia, Agapiti akaingia dukani na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Nimefikiri sana, Dorika. Nimekusamehe. Tuanze upya."

"Umenisamehe nini?"

"Yaliyopita."

"Hakuna yaliyopita. Ukinisamehe kosa ambalo sikufanya, ni kama umenihukumu tena. Toka, nina wateja."

Akatoka. Dorika akainama kuokota misumari iliyomwagika, na vidole vikakataa kuishika. Mke wa Narendra, ambaye wote walimwita Mama Karan, alikuwa anamtazama kutoka mezani kwake.

"Msumari unakushinda, Dorika. Hiyo siyo huzuni ya mwanamume. Wiki hii unakwenda Mwanza kwa daktari mkubwa, na sitaki ubishi."

Daktari aliitwa Mwamvua, mama wa makamo mwenye kalamu mbili kwenye kilemba. Alimbonyeza vidole kimoja kimoja, akamtazama mashavu, akamwuliza juu ya jua, nywele na vidonda vya mdomoni.

"Umewahi kupimwa ukakutwa na ugonjwa wowote?"

"Hapana, daktari."

Kalamu ikaandika hapana. Dorika aliitazama ikiandika. Akisema, huyu naye atamwangalia kwa yale macho ya kanisani. Alipewa karatasi za maabara, akaaga, akafika mlangoni, na hapo roho ikamsuta.

"Daktari, nimekudanganya. Niliambiwa nina kaswende. Nimechomwa sindano, haitoki. Na mimi sijawahi kulala na mtu."

Mwamvua aliweka kalamu chini. "Rudi ukae, mwanangu. Ulitaka kuondoka na jambo ninalolihitaji kuliko yote." Akavuta kiti karibu. "Kwenu Tinde kuna sungusungu?"

"Wapo."

"Kazi yao kukamata wezi. Sasa fikiria siku moja wamechanganyikiwa, wanawapiga wenye nyumba. Kinga ya mwili nayo huweza kufanya hivyo. Inatengeneza kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, hata figo. Kipimo walichokupima hakimtafuti mdudu wa kaswende. Kinatafuta kingamwili za namna fulani, na mtu mwenye ugonjwa wa aina hii huweza kuwa nazo bila mdudu kuwapo."

"Kwa hiyo damu inaweza kudanganya?"

"Damu hujibu ulichoiuliza, na wao waliuliza swali moja tu. Lakini usishangilie bado. Nitarudia kaswende kwa kipimo cha kingamwili za mdudu yule hasa. Halafu nitazitafuta hizo zinazoshambulia mwili kwa kipimo kinachoitwa ANA, na kikionyesha, kingine kinaitwa anti-dsDNA. ANA peke yake sitaiamini, hata wazima wengine wanayo. Nataka vipimo, mkojo na hivi vidole vyako viseme neno moja."

Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam. Wiki mbili Dorika hakulala usingizi wa maana. Aliporudi Mwanza alipewa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kaswende hana, na kwa maelezo ya daktari, hakuwahi kuwa nayo. Ya pili ilisema ANA ipo kwa wingi, na anti-dsDNA ipo. Alikuwa na lupasi, ndio ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake yenyewe. Atameza vidonge kila siku, atakwepa jua, figo zitaangaliwa kila baada ya miezi michache, na akitaka mtoto itabidi apange na daktari kwanza. Dorika alilia pale pale kwenye kiti, kwa furaha na kwa woga, asijue chozi lipi ni la nini.

Njia nzima ya kurudi Kahama alikuwa na mawazo mabaya, na tusimlaumu. Karatasi ya kwanza peke yake ilitosha kumrudisha Agapiti. Ya pili ingeweza kukaa kwenye mkoba hadi baada ya harusi. Alimpenda bado, hilo hakujificha. Akampigia: "Kesho njoo dukani."

Agapiti alifika mapema na ovaroli lake la tope. Dorika akampeleka stoo nyuma, kwenye mifuko ya saruji, akampa karatasi ya kwanza na kumweleza kwamba kipimo cha zahanati kilikosea. Alisoma mara mbili.

"Nilikwambia damu haidanganyi," akasema. "Dorika, nimekufanyia nini mimi? Ngoja nimpigie padre sasa hivi."

Akatoa simu. Dorika alikuwa na mkono ndani ya mkoba, juu ya karatasi ya pili. Angenyamaza tu, yangekwisha.

"Weka simu chini. Kuna nyingine."

Akampa ya pili, akamweleza yote, figo, vidonge, habari ya watoto. Agapiti aliketi juu ya mfuko.

"Unapona?"

"Hauponi. Unatulizwa."

Nje wateja walikuwa wanaita jina la Dorika.

"Mara ya kwanza uliniacha kwa uongo," Dorika akasema. "Leo una sababu ya kweli. Ukienda sitakulaani. Lakini kwanza uniambie, ulimtangazia nani kwamba mimi malaya?"

"Sikutumia neno hilo."

"Nani?"

"Padre. Na mama."

"Anza na mama. Hapa, nisikie."

Agapiti akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwema?"

"Siyo kwema. Nilikuletea habari ya Dorika ikawa si kweli. Hana kaswende, hakuwahi kuwa nayo. Nilimchafua bure."

"Nani kasema?"

"Vipimo vya Mwanza. Kuna ugonjwa mwingine mwilini mwake, mama, ndio uliovuruga kile kipimo. Huo anao kweli, na haumwishi. Hata watoto watatusumbua kuwapata."

"Na wewe unasemaje?"

Agapiti alimtazama Dorika, vidole vyake vilivyovimba, mashavu yake, macho yaliyokuwa hayamsaidii kujibu.

"Namtaka, mama. Kama yeye bado ananitaka mimi."

"Mpe simu."

Dorika aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilisema lisemwalo lipo. Nilisema mbele ya watu, nitalifuta mbele ya watu. Huyo mjinga hapo, unamtaka?"

"Namtaka, mama. Ila nina hasira naye sana. Na wewe pia."

"Kuwa nayo," mama akasema. "Usiimalizie huko. Njoo nayo hapa nyumbani, tukae tuimalize wote."