Ua Katikati ya Uwanja wa Ulaya

Walikutana katika gulio la Desemba mjini Gorizia, Italia, watu wakisukumana mbele ya vibanda vya maandazi. Neža Kofol, koti jekundu, nywele zimejaa unga wa sukari, alimkanyaga mwanamume mrefu mwenye skafu ya kijani.

"Dada, mguu wangu huo, si zulia!"

"Pole! Mbona mrefu hivyo hadi chini?"

Tullio Bressan akacheka. Yeye Mwitaliano, fundi wa piano. Neža Mslovenia, mwalimu wa chekechea wa Nova Gorica, mji wa Slovenia ulio ng'ambo tu ya Uwanja wa Ulaya, ambao mpaka hupita katikati yake. Mwaka mzima walivuka mpaka bila kuukumbuka, kahawa huku, chakula cha jioni kule.

"Ukiulizwa wewe wa wapi, unasemaje?" Neža aliwahi kumuuliza.

"Wa Ulaya. Na wewe?"

"Wa kwako."

Baba yake Neža alikuwa akiguna. "Ulaya yenu ni ya siku za jua tu."

Machi, ugonjwa wa korona ukaingia, mipaka ikafungwa. Asubuhi moja mafundi wakaja uwanjani na nyaya, wakasimamisha ua katikati. Neža alipiga simu.

"Tullio, njoo kabla hawajamaliza! Utakaa kwetu."

Sauti kavu ikajibu: "Siji. Baki huko. Usinifuate."

"Una maana gani, mpenzi?"

Simu ikakatwa.

Alilia siku mbili kwa hasira. Kumbe mwanamume alikuwa akingoja ua tu apate kumwacha! Siku ya tatu hasira ikawa hofu: simu haikupokelewa tena. Jirani yake Tullio ndiye aliyempigia kumwambia.

"Gari la wagonjwa limemchukua. Alikuwa na homa tangu juzi. Alisema akikwambia, utaruka ua."

Akapiga simu hospitali.

"Wewe ni nani wake?"

"Mpenzi wake."

"Samahani, dada. Tunazungumza na ndugu tu."

Akakata, akapiga tena. "Mimi ni mke wake."

"Kwenye fomu hana mke."

Siku kumi na moja hakujua kama yu hai. Kila gari la wagonjwa lilipolia ng'ambo, alishika ukuta. Kutoka dirishani aliliona paa la hospitali; angeweza kufika kwa miguu. Usingizi ulimkimbia, chakula kikawa mchanga mdomoni.

Siku ya kumi na mbili, mchana, simu ikalia.

"Neža," sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Wameniruhusu nirudi nyumbani."

Wiki mbili baadaye walikutana penye ua, kila mmoja upande wake, barakoa usoni. Skafu ya kijani ilimzunguka Tullio mara tatu. Shingo ilikuwa imebaki mfupa.

"Ulinifukuza!" Neža akasema, machozi yakimtoka.

"Niliogopa kukuua."

"Ukaniua kwa kunyamaza. Hospitali niliwadanganya, nikasema mimi mkeo."

"Wakaamini?"

"Hata kidogo!"

Tullio akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Neža akarudi nyuma kwa woga, kisha akajilaumu. Tullio aliona.

"Hata mimi bado naogopa, kipenzi. Nikilala naogopa kutoamka. Sasa sikiliza. Wakiondoa hiki kidude, twende tukaandikishe ndoa. Safari nyingine wakuulize wewe nani, uwajibu bila uongo. Unanikubali?"

Askari akaita kutoka mbali, "Jamani, sogeeni nyuma!"

"Ngoja, kaka, anajibiwa!" Neža akapaza sauti. "Nakukubali, Tullio. Nakukubali. Sasa nenda ndani, kuna baridi."

Juni ua uliondolewa, Julai wakaoana. Watu wamerudi kuvuka uwanja wakila aiskrimu. Lakini Neža, hata akienda kununua mkate tu upande wa pili, hubeba cheti cha ndoa mkobani. Tullio humtania, "Ulaya nzima inakujua, mke wangu!" Yeye hutabasamu, akapapasa mkoba kwanza, ndipo akavuka.