Robo ya Nne ni ya Mungu

Kivuli cha Ezekia Chaula kilipaa, kikaning'inia hewani kana kwamba ardhi imesahau kukidai, kisha kikausukumiza mpira wa nuru ndani ya kikapu. Wavu haukutikisika. Mbao za uwanja hazikulia. Ezekia mwenyewe, mwenye nyama na damu, alikuwa amesimama pembeni pamoja na wachezaji wenzake wapya, koti la michezo begani, akijitazama akicheza mechi ambayo ilikuwa bado miezi mitatu ifike.

"Mnaona?" Mama Lutengano aliwageukia wenzake jukwaani. "Au mnasubiri niwachoree?"

"Kuruka hata panzi anaruka," akajibu Bosco Mhongole. "Mimi nionyesheni anayekaba. Mwaka jana tulisajili panzi wawili, Chuo cha Mtitu wakatufunga mpaka mtangazaji akatuonea huruma."

"Mwaka jana si wewe uliyemchagua yule aliyekuwa anaogopa mpira?"

"Hakuwa anauogopa. Alikuwa anauheshimu."

Jukwaa la Mashariki, kundi la mashabiki wa chuo, likaangua kicheko. Tusekile Sanga, aliyeketi mstari wa mbele na kidhibiti cha mtambo mapajani, alicheka kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mtambo huo. Alikuwa amehitimu hapo hapo Chuo cha Nyang'oro mwaka uliopita, lakini kabla ya kuwa fundi alikuwa shabiki, na ushabiki haukumtoka alipovaa koti la kazi.

Mtambo wenyewe uliitwa kivulikesho. Mchezaji aliingia ndani ya pete ya vipimo, nayo pete ikamzunguka ikisoma urefu wa mifupa, mnyumbuko wa misuli na mapigo ya moyo. Vipimo hivyo vilichanganywa na ratiba ya msimu, tabia za kocha na mbinu za wapinzani. Kisha masikio ya paa, yaani vinasa sauti vilivyopachikwa juu ya uwanja, yaliongeza kelele za mashabiki zilizokusanywa kwa miaka mingi, kwa maana hakuna mchezaji anayecheza peke yake. Kilichotoka ni mwili wa nuru uliocheza kama mwenye mwili atakavyocheza. Vyuo vikubwa vilikuwa na mitambo ya aina hiyo tangu zamani. Nyang'oro kilikuwa chuo kidogo juu ya kilima cha Iringa, ambako magari ya nyaya yalipita yakiyumba kwa upepo wa baridi, na kilipata mtambo wake baada ya wakubwa kuuchoka.

Kila mwaka kabla ya msimu, Jukwaa la Mashariki liliruhusiwa kuingia kutazama vivuli vya wachezaji wapya na kunyoosha mikono kuchagua nani aanze. Kocha Mgimba hakulazimika kuwasikiliza. Lakini kocha aliyemtangulia hakuwasikiliza, na sasa anafundisha kuogelea.

Jukwaa lilikuwa na mwiko mmoja. Walitazama mechi moja tu, ile ya kufa na kupona dhidi ya Chuo cha Mtitu, majirani wa ng'ambo ya Ruaha Mdogo, na walitazama robo tatu za mechi hiyo. Ikikaribia robo ya nne, mtambo ulizimwa. Robo ya nne ni ya Mungu, walisema. Anayeichungulia anaialika nuksi. Hata wenye shahada za fizikia miongoni mwao waliuheshimu mwiko huo, wakijifanya wanafanya hivyo kwa utani.

Siku hiyo Tusekile ndiye aliyeuvunja, na hakukusudia.

"Huyu kijana umweke chini ya kikapu," Bosco alikuwa akisema. "Urefu wote ule unaupeleka nje kufanya nini? Kuchuma maparachichi?"

"Chini ya kikapu watamponda," Tusekile akageuka nyuma kumkabili. "Huoni miguu yake ilivyo myepesi?"

"Fundi, wewe jua nyaya zako."

"Nyaya zangu ndizo zinazokufungua macho, kaka Bosco." Akaanza kumchorea hewani kwa mikono yote miwili namna ambavyo Ezekia angeweza kukata kutoka kushoto. Nyuma yake robo ya tatu ikaisha na ya nne ikaanza, na kidole chake kilikuwa mbali na kitufe.

"Dada," Ezekia aliita kutoka uwanjani. "Bado kinacheza."

Wote wakatazama. Kivuli kilikuwa kimeinua mkono kuomba kupumzika. Kikatoka, kikaketi kwenye benchi la nuru, kichwa kati ya magoti. Ubao wa nuru ulionyesha Mtitu wakikaribia, pointi kwa pointi. Ndipo vipaza sauti vya mtambo vikatoa kelele za jukwaa: "A-ru-di! A-ru-di!" Sauti ya Bosco ilitambulika mara moja, nzito kama ngoma ya harusi. Ya Mama Lutengano ilikuwa juu yake, nyembamba, yenye kukata. Na katikati Tusekile akajisikia mwenyewe, akipiga kelele kwa furaha kama alivyopiga tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kivuli kikainuka kwenye benchi, kikarudi uwanjani. Kilikimbia mara mbili kwenda na kurudi. Kisha kikasimama, kikaushika mpira kifuani kama mtu aliyekumbuka jambo, kikaanguka kifudifudi. Nuru yake ikafifia kuanzia miguuni, ikazimika.

Tusekile alibonyeza kitufe, ingawa hapakuwa na cha kuzima tena.

Hakuna aliyenyoosha mkono kumchagua mtu siku hiyo. Mama Lutengano alishuka jukwaani, akamvalisha Ezekia koti lake vizuri na kulifunga zipu mpaka shingoni, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule asubuhi ya barafu.

*

"Madaktari walimpima," Kocha Mgimba alisema. Walikuwa watatu katika chumba cha mtambo: yeye, Tusekile na Ezekia. "Wamesema mzima. Karatasi ninayo."

"Ni mzima, mwalimu. Moyo wake hauna ugonjwa, ila una kikomo. Watu wengi wana kikomo cha aina hiyo na wanazeeka bila kukifikia, kwa sababu wakichoka wanakaa chini."

"Basi nitampunguzia muda."

Tusekile alikuwa ameshajaribu. Akampunguzia tena mbele yao, nusu ya mechi, kisha robo. Kila mara kivuli kidogo, kirefu kama mkono, kilicheza juu ya meza, kikainua mkono, kikapumzika, kikaitwa, kikarudi, kikaanguka. Mtambo ulimjua Mgimba: jukwaa likipiga kelele vya kutosha, huwa anasalimu amri.

"Sasa tazameni," Tusekile akasema. Akafuta sauti za jukwaa zote.

Kivuli kiliinua mkono, kikaketi, kikajifunika taulo. Mechi ikaendelea kimya kama samaki ndani ya kioo. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, kivuli kikasimama na kuwapa mikono wapinzani.

"Tumefungwa," Kocha alisema.

"Anatoka kwa miguu yake, mwalimu."

Mgimba alitazama sakafu, uso ukimwiva kwa aibu. Ezekia ndiye aliyesogea karibu na meza. Alikuwa kijana wa Makete, mpole, mwenye mikono mipana ambayo siku zote hakujua aiweke wapi. Alikuja kusomea uhandisi wa maji. Nafasi yake ya masomo ilikuwa ya mchezaji. Akiacha kucheza, kiti chake darasani kingekwenda kwa mwingine, na kijijini kwao wangeendelea kuchota maji bondeni.

"Kwa hiyo nikiinua mkono, nisirudi," alisema.

"Usirudi."

"Hata mkiniita?"

Tusekile akatikisa kichwa. "Hatutakuita."

"Dada, mimi najijua. Watu wakiniita, naenda. Nyumbani ukiitwa na mkubwa ukanyamaza, unaonekana huna adabu." Akatabasamu kidogo. "Afadhali msiniite kabisa."

Jukwaa la Mashariki likaapa kutomwita. Waliweka mikono juu ya reli ya chuma, mmoja baada ya mwingine, hata Bosco, ambaye hakuwa na utani siku hiyo. Mama Lutengano aliapa mara mbili. Na msimu ulipoanza alimchukua Ezekia kama mwanawe: baada ya kila mazoezi alimletea kande kwenye hotipoti, akamsimamia mpaka amalize, akimwambia moyo haushibi hewa.

Msimu ulikwenda vizuri. Ezekia alicheza, akainua mkono alipochoka, akakaa. Mechi zilikuwa ndogo, jukwaa lilikuwa nusu tupu, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Vijiweni watu walibishana kama kawaida kuhusu nani akabe nani, na kidogo kidogo Tusekile akaanza kuamini kwamba watu wanaweza kuuona ubaya wao mapema na kuukwepa. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ubingwa.

*

Siku ya Mtitu uwanja ulijaa mpaka ngazini. Walikuja waliohitimu zamani, walikuja wafanyakazi wa magari ya nyaya wakiwa bado na kofia zao, walikuja watu ambao hawakuwahi kusikia habari za kivuli wala kiapo. Jukwaa la Mashariki lilikuwa kikundi cha watu thelathini katikati ya maelfu.

Ezekia alicheza kama kivuli chake, hatua kwa hatua. Tusekile alimtazama akipaa, akaogopa, kwa sababu aliujua mruko ule. Mwanzoni mwa robo ya nne Nyang'oro waliongoza kwa pointi kumi na moja, na Ezekia akainua mkono. Kocha akamtoa. Akaketi, akajifunika taulo.

Pointi kumi na moja zikawa saba. Zikawa nne. Uwanja ulikuwa ukinguruma bila maneno. Tusekile alihisi neno lenyewe likimpanda kooni, likiwa na joto lake la zamani, akaziba mdomo kwa kiganja. Mtitu wakatupa kutoka mbali, mpira ukaingia, ikabaki pointi moja.

"A-ru-di!"

Ilikuwa sauti moja. Kisha kumi, kisha uwanja mzima, pamoja na miguu ikipigwa juu ya mbao.

Bosco aliruka juu ya kiti. "Kaa!" alipaza. "Kaa chini, Ezekia! Kaa!" Tusekile akajiunga naye, na wengine wachache. Mtu wa nyuma aliyevaa kofia ya kazi akawauliza kwa hasira kama wamehongwa na Mtitu. Bosco hakugeuka nyuma. Alikuwa akilia huku akipiga kelele, na ile sauti ya ngoma ikaanza kupasuka.

Kule chini Kocha Mgimba alitikisa kichwa mara moja, mara mbili, akikataa. Hakumwita Ezekia. Mpaka leo watu wanamlaumu, na Tusekile huwarekebisha: kocha hakumwita. Ezekia alitoa taulo mwenyewe. Aliinua macho jukwaani, kwenye ile sauti kubwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa na wakubwa. Alimgusa Kocha bega kwa heshima, akaingia.

Alikimbia kwenda, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Akaupata mpira, akasimama, akaukumbatia.

Nyang'oro walishinda kwa pointi moja. Ushindi huo umeandikwa ukutani, na jina la Ezekia liko juu yake.

*

Baada ya mazishi, waliporudi kutoka Makete, Mama Lutengano alimfuata Tusekile chumba cha mtambo. Alikuwa amebeba ile hotipoti, tupu, hajui ampe nani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Yale masikio ya paa yanasikia kila kitu, sivyo? Yanaweza kumtenga mtu mmoja mmoja."

"Yanaweza."

"Ni nani alianza? Watu wa kofia wale, eti? Mimi sikumbuki chochote kuanzia lile goli lao la mbali. Nakumbuka nimeshika reli tu."

Tusekile alikuwa ameshasikiliza. Aliitenga sauti ya kwanza, ile moja, kabla ya kumi. Ilikuwa nyembamba, ya juu, yenye kukata.

"Sauti zilichanganyika, mama," akasema. "Hazitengeki."

Mama Lutengano akaitikia kwa kichwa, akaketi, na wakakaa hivyo mpaka magari ya nyaya yakawasha taa.

Msimu uliofuata chuo kilitaka kuuza kivulikesho. Tusekile aliomba ubaki, akaomba pia mwiko ufutwe: kuanzia sasa wangetazama mpaka filimbi ya mwisho. Wachache walikuja. Kijana mpya, Lwitiko, alisimama ndani ya pete, akapimwa, na kivuli chake kikacheza robo tatu vizuri. Hakuna aliyebishana kama awekwe ndani au nje. Robo ya nne kivuli kikachoka, kikainua mkono, kikaketi. Mtitu wakakaribia. Vipaza sauti vikaanza: "A-ru-di! A-ru-di!"

Kivuli kikanyanyua mabega.

Ndipo, chini ya maelfu ya sauti, ikasikika nyingine, imepasuka, ikijikwaa. "Kaa! Kaa chini!" Masikio ya paa yalikuwa yameihifadhi pamoja na zote. Bosco, ambaye tangu siku ile alizungumza kwa mnong'ono, aliinamisha kichwa aliposikia koo lake la zamani. Kivuli kiligeuza uso kuelekea Jukwaa la Mashariki. Kilibaki hivyo, si kuketi wala kusimama, kikisikiliza pande mbili. Tusekile alitazama ubao wa mtambo, na ubao haukuonyesha lolote. Hesabu ilikuwa haijakamilika.

Mama Lutengano alisimama. Alishika reli kwa mikono yote miwili na kuinama mbele, kuelekea kwenye umbo lile la nuru lisiloweza kusikia, chini ya masikio ya paa yaliyokuwa wazi, yakinasa kila sauti.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kaa tu."