Salamu Zilizokatwa Majibu

Spika ya tisa ilijibiwa saa sita mchana, ukumbi ukiwa mtupu.

Qabale alikuwa ameketi sakafuni, nyaya mapajani, amechoka. Alikuwa ametundika spika thelathini kwa maonyesho ya Jumamosi katika ukumbi huo wa mtaa wa Wabera. Kila moja ilikuwa na sauti ya mtu mmoja akisalimu kwa Kiborana: amani? Watoto amani? Mifugo amani? Majibu aliyakata yote, ili wageni wajibu wenyewe. Ya tisa ilikuwa ya mama yake, aliyerekodiwa kijijini Kulamawe wiki mbili kabla ya kuzikwa. Sauti yake nyingine haikuwepo popote.

"Nagaa?" mama aliuliza. Amani?

"Nagaa," kitu kikajibu kutoka kona, kwa sauti kavu, na harufu ya udongo uliolowa ikatanda, ilhali mvua ilikuwa imekataa miezi mitano.

Lodio, fundi wa umeme, alishuka ngazi polepole. "Ni wewe umejibu, madam?"

"Si mimi."

"Basi mimi naenda kukula chapati. Mbali kabisa."

Hakurudi.

Sheikh Ganya, mzee wa msikiti ambaye Qabale alikuwa amemwita, alifika baada ya alasiri. Hakutoa salaam mlangoni. Hakujua nani angeitikia.

"Kwetu salamu haiachwi katikati, mwanangu," alinong'ona. "Umeuliza mara thelathini, ukanyamaza. Kuna wasioonekana wenye kujibu. Futa zote."

"Hata ya mama?"

"Hiyo kwanza."

Akasoma Ayatul Kursiyu, akipuliza kila kona. Qabale alifuta moja baada ya nyingine, na harufu ikafifia. Alipofika kwa mama, kidole kilikataa. Alichomoa kadi ya memori, akaifunga kwenye ncha ya leso.

"Nimemaliza, sheikh."

Mzee aliitazama ile leso, akaondoka.

Magharibi, Qabale akiwa jikoni kwake akichemsha chai, kadi ingali imefungwa kwenye leso, sauti ya mama ilitoka chumbani.

"Nagaa, Qabale?"

Kwenye rekodi mama hakutaja jina lake hata mara moja, Qabale alilijua hilo kwa sababu alikuwa ameisikiliza mpaka akaikariri, lakini tangu mazishi hakuna aliyemwuliza kama ana amani, na miguu ilimuuma, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imeshavuka kizingiti cha jikoni ikimjia taratibu kama mtu anayetembea peku.

"Nagaa, mama," akajibu.

Mlango wa chumba ukafunguka.