Mpangaji wa Kifuani

Fundi cherehani alizima redio kwanza, maana alidhani mluzi ule unatoka humo. Wapi! Mluzi uliendelea, mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na ulitoka chumbani alikolala mumewe. Mume huyo alikuwa mchimbaji wa urani wa zamu ya usiku, kwa hiyo kwake mchana ndio usiku: mapazia chini, madirisha yamefungwa. Fundi akaingia kwa kunyata. Dirisha lilikuwa wazi, na mama mkwe amesimama kando yake.

"Mama, unafanya nini humu?"

"Namfungulia mwanangu hewa."

Hewa! Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Mume anakohoa damu, dawa za zahanati hazijamsaidia kitu, na kila akigeuka anamkuta bibi huyu dirishani. Anamfungulia nani hasa, kama si jini wake? Siku hiyohiyo alichukua mabaki ya vitambaa vyake akaziba kila upenyo, hadi chini ya mlango, ili jini wa mama mkwe akose pa kupita.

Mluzi ukazidi. Mara ulisikika kifuani mwa mumewe, mara kama uko chini ya kitanda, na Fundi, akiwa amekaa gizani huku nje jua linawaka, alihisi mle chumbani kuna mtu wa tatu anayevuta pumzi kila mumewe anapoitoa, asiye na harufu wala kivuli, na kadiri alivyobana vitambaa ndivyo yule mtu alivyozidi kumsogelea, hadi nywele zikamsimama na akatoka mbio kumwita mganga.

Mganga alifika akihema. Hakufukiza chochote. Aliinama, akapapasa sakafu.

"Mawe haya mmeyatoa wapi?" akanong'ona.

"Kifusi cha mgodini. Wanagawa bure, mtaa mzima umejengwa nacho. Lakini mganga, jini kaletwa na huyu bibi!"

"Kaletwa wapi, mwanangu? Huyu mmemjengea nyumba. Mimi nilichimba mgodi ule kabla ya mumeo. Kule chini tulimwita Mpangaji. Anatoka kwenye mawe, haonekani, hanuki. Majini wengine hupanda kichwani. Huyu hupanga kifuani. Shimoni angalau kuna feni za kumpuliza nje. Wewe umemfungia humu na mumeo." Akakohoa, akafuta mdomo. "Hafukuzwi huyu. Mnamhama nyinyi."

Fundi alimgeukia mama mkwe. "Mama, nisamehe."

Mama mkwe alikuwa keshamshika mwanawe kwapani. "Shika miguu," alisema tu.

Wakamtoa nje, mwepesi kama mtoto.

"Atapona?" Fundi aliuliza.

Mganga akatazama pembeni. Fundi akaelewa. Alikimbilia dirisha la jirani, mke wa mchimbaji mwenzake na mumewe, akaligonga kwa viganja vyote viwili.

"Shoga, fungua! Fungua madirisha yote, mtoe mumeo, watoe watoto! Yumo sakafuni!"

Pazia lilitikisika kidogo.

"Tumemwona mganga akiingia kwenu," sauti ikanong'ona. "Tafadhali, shoga, pita mbali na jini wako."

Komeo likalia kwa ndani. Kisha la nyumba ya pili, na la ile inayofuata, mpaka mwisho wa mtaa, na humo ndani wanaume wa zamu ya usiku walikuwa wamelala.