Tarumbeta na Mchanga wa Ziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Pulchérie aliteremka ziwani na karai la vyombo kichwani. Alichuchumaa penye maji machache, akachota mchanga kwa kiganja, akasugua. Hata sufuria iliyolala na masizi ilitoka hapo iking'aa. Mji mzima wa Baraka huosha hivyo, na Mama Marthe, mama yake, alipenda kuwaambia majirani kwamba sufuria za binti yake unaweza kujitazamia uso. Pulchérie alijivunia sana sifa hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Wiki mbili nyuma, wanamuziki wa tamasha la jazi walikuwa wamefika kutoka Bukavu. Tamasha lenyewe lilikuwa Jumamosi, lakini walitangulia ili kuwafundisha watoto bure. Walipiga muziki hata kwenye kituo cha afya, na wagonjwa wakatikisa mabega vitandani. Mwalimu wa tarumbeta aliitwa Papa Déogratias, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Siku ya kwanza aliwaonya wanafunzi wake.

"Batoto, kila mumoja atapeleka tarumbeta kwao siku moja, ajizoeze. Lakini musikilize muzuri: kama chombo kimoja kimeharibika, na hatujue kimeharibika namna gani, byote bitarudi Bukavu."

Alhamisi zamu ikamfikia Pulchérie. Tarumbeta ilikuwa imejaa alama za vidole vya watoto kumi waliotangulia, naye akaona aibu kuirudisha chafu vile. Ijumaa asubuhi akaitia kwenye karai pamoja na sufuria, akaisugua kwa mchanga nje na ndani. Alipomaliza, akabonyeza vile vitufe vitatu vya juu. Cha kwanza kilishuka kikapanda. Cha pili kikakwaruza, kikakwama katikati. Cha tatu hakikusogea kabisa.

Alipoitazama vizuri, aliona kwamba hata ule mng'ao wa dhahabu ulikuwa umechubuka. Byote bitarudi Bukavu! Watoto kumi na wawili wangekosa tamasha, na wangejua ni kwa ajili ya nani. Alifika kwenye ukumbi wa mafunzo kabla ya wote, akairudisha tarumbeta kwenye sanduku lake, akafunga, akaenda shuleni asimwambie mtu. Siku nzima hakusikia neno la somo. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuka kutazama ni nani anaingia.

Mchana, wanafunzi walikusanyika ukumbini kwa mazoezi ya mwisho. Papa Déogratias alikuwa bado nje akipanga viti. Norbert, jirani wa Pulchérie, ndiye aliyefungua sanduku, maana siku hiyo zamu ilikuwa yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Norbert ameiharibu!" Eddy akapiga kelele. "We Norbert, juzi ulipasua ngoma ya shuleni, leo tarumbeta!"

"Hapana, si miye! Nimeikuta hivi!"

Hakuna aliyemwamini. Norbert alirudi nyuma hatua moja, na Pulchérie akajificha nyuma ya wenzake. Angenyamaza tu, lawama ingempita. Alijua hivyo, na kujua huko kulimtisha kuliko kitu chochote. Ndipo Norbert, macho yamejaa machozi, akaokota kipande cha ubao, akakiinua ili agongee kitufe kilichokwama.

"Acha! Usigonge!" Pulchérie alipaza sauti mpaka Papa Déogratias akaingia mbio. "Papa, si Norbert. Ni miye. Niliiosha na muchanga ya ziwa, sawa sufuria. Nilitaka ing'ae."

Papa Déogratias hakumgombeza. Alikaa, akafungua vifuniko kimoja kimoja, akachomoa pistoni, vile vyuma vya ndani vinavyosukumwa na vitufe. Mchanga mwembamba ukamwagika juu ya daftari lake.

"Norbert, ungegonga, huu muchanga ungekula chuma, na hakuna fundi angeweza kuitengeneza. Pulchérie, lete maji safi na sabuni kidogo."

Waliosha kila pistoni, wakakausha kwa kitambaa laini, wakatia matone ya mafuta. Papa Déogratias akapuliza. Tarumbeta ikalia.

"Papa," Pulchérie aliuliza kwa sauti ndogo, "sasa byombo bitarudi?"

"Siku ya kwanza nilisema nini?"

"Kama chombo kimoja kimeharibika, byote bitarudi."

"Woga umekusahaulisha neno moja. Nilisema: na hatujue kimeharibika namna gani. Leo tunajua, sababu umesema."

Pulchérie akalia, safari hii bila kujificha. Kisha akamgeukia Norbert, akamwomba msamaha mbele ya wote. Norbert alinuna kidogo, kama ilivyo haki yake, halafu akampa mkono.

Jumamosi walipiga mbele ya mji mzima. Tarumbeta iliyochubuka ilikuwa mikononi mwa Pulchérie, na Mama Marthe alishangilia kuliko wote. Baadaye Pulchérie aliomba apewe dawa ya kufuta michubuko, lakini Papa Déogratias alikataa.

"Iache. Kila mutoto atakayeuliza, we ndiye utamufundisha namna ya kuosha tarumbeta. Na umwambie hii pia: kukosea si mwisho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Muntu akisema kosa mapema, kuko namna ya kulitengeneza."