Mwache Avae Soksi Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Jonna alipitia kwa baba yake. Jonna alikuwa mpishi wa shule, na shule inaamka mapema. Alimwinua baba kitandani, akamvisha soksi, akampakia siagi kwenye mkate mweusi, kisha akamkalisha kwenye kiti cha dirishani. Chakula cha mchana alikiacha mezani, kimefunikwa. Mzee alibaki na kazi moja tu, kutafuna.

Mzee huyo aliitwa Verner, na umri wake ulikuwa miaka themanini na mitatu. Alikuwa mtu wa posta. Miaka arobaini alisambaza barua kwa baiskeli huku upepo wa kwao Jutland ukimpiga usoni. Mwezi wa pili aliteleza bafuni. Hakuvunjika popote, ila Jonna alishikwa na hofu, na tangu siku ile akamkataza kugusa hata birika. Mzee hakubisha. Alisema miguu yake ni kama tairi, imetembea mno na imekwisha, kwa hiyo nguvu iliyobaki aitunze.

Basi akaitunza kweli kweli. Kufikia mwezi wa sita hakuweza kuinuka kitini bila kuvutwa. Jonna naye alikuwa hoi, mgongo unamuuma. Akaandika maombi kwa halmashauri ili baba apewe chumba katika nyumba ya wazee. Mzee alipoambiwa aligeuzia uso dirishani. Nyumba yake mwenyewe aliipaka rangi kwa mikono yake, na mkewe alifia humo. Hakutaka kabisa kuihama. Lakini angemwambiaje mtoto aliyechoka kwa ajili yake? Aliona haya.

Kabla ya kuamua, halmashauri ilimtuma Sidsel, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwone. Sidsel akavua viatu mlangoni, akasalimia, akaomba amwone mzee akivaa soksi. Jonna akainama kuzichukua kama kawaida yake.

"Mwache avae mwenyewe, dada," Sidsel akasema. Naye akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Halmashauri imekufunga pingu, binti?"

"Ndiyo kazi yangu, mzee wangu. Mikono ikikaa mbele itakusaidia, na kila nikikusaidia jambo unaloliweza, nakupunguzia nguvu."

Soksi ya kwanza ilichukua dakika sita. Jonna aliuma midomo, machozi yakimlengalenga. Ya pili mzee aliivaa huku akinung'unika, lakini aliivaa.

Wakati wa kahawa alifika Malene, binti wa Jonna, mwenye mimba ya miezi saba. Sidsel akamwuliza kama mtoto anacheza. Malene akasema anapigwa mateke kutwa, akauchukua mkono wa babu yake akauweka tumboni.

"Unamsikia?" Sidsel akauliza. "Hapo anajenga mwili. Mifupa na viungo vyake vinahitaji hayo mateke ili vikomae. Akizaliwa atainua shingo, atakaa, atasimama, ataanguka, atasimama tena. Misuli yetu huongezeka hadi miaka thelathini hivi. Baadaye hupungua polepole, na uzeeni hupungua kwa haraka zaidi."

"Si ndilo ninalosema? Tairi limekwisha."

"Tairi huisha kwa kutumika, mzee. Mguu huisha kwa kukaa. Hata mtu wa miaka tisini akifanya mazoezi hupata nguvu. Sikudanganyi, sehemu imechukuliwa na uzee, na hiyo haitarudi. Lakini sehemu kubwa imechukuliwa na kiti hiki. Hiyo tunaidai."

Jonna akaweka kikombe chini. "Kumbe ni mimi niliyemdhoofisha."

"Ulimpenda," Sidsel akasema. "Endelea kumpenda, ila mpe nafasi ajifanyie."

Akawaonyesha la kufanya. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, mzee ainuke na kukaa mara tano, asubuhi na jioni. Mwanzo ashike mikono ya kiti, baadaye aiache. Ashike meza ya jikoni na kuinua visigino. Zulia la bafuni linaloteleza liondolewe, na ukutani pawekwe kishikio. Kila mlo uwe na yai, samaki, jibini au maziwa, kwa sababu misuli haijengwi kwa kahawa na keki. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja na amwone daktari.

Wiki ya kwanza Verner alimlaani Sidsel kwa majina yote anayoyajua mtu wa posta. Wiki ya tatu aliinuka mara moja bila kushika kitu, akashtuka mwenyewe. Jonna alijifunza kusimama kando na kungoja, jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kupika kwa watoto mia tatu. Kufikia mwezi wa tisa mzee alikwenda dukani kwa mkongojo na kurudi.

Mwezi wa kumi barua ikafika: chumba kimepatikana. Jonna akaipeleka kwa baba moyo ukiwa mzito. Akamkuta amesimama jikoni, anakaanga samaki. Viazi vilikuwa tayari vimeiva. Wakala, na walipomaliza Jonna akasema maneno ambayo kwao kila mtu humwambia aliyepika.

"Asante kwa chakula, baba."

Tangu mkewe afariki, miaka minane, hakuna aliyewahi kumwambia Verner maneno yale. Miezi ya karibuni yeye tu ndiye aliyekuwa akimwambia Jonna, kila siku.

"Mimi ndiye wa kushukuru," akasema. "Ulinibeba miezi yote ile, mwanangu. Halafu ukakubali kunitua."

Jonna akalia bila kujificha. Kisha akaikunjua barua mezani, akaandika chini yake kwamba chumba apewe mtu mwingine.