Vumbi Kati Yetu na Nyota

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano mchana, wiki moja kabla ya sikukuu ya Divali, na Barabara ya Lakshmi mjini Pune haikuwa na pa kuweka mguu. Ndani ya duka la miwani alisimama Mrunmayi Gokhale, kurta, lile shati refu la Kihindi, ya rangi ya haradali, nywele kazibana kwa penseli. Alishika jozi mbili za miwani ya jua, moja mbele ya nyingine, akiizungusha taratibu dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Dada, hiyo huvaliwa usoni," alisema fundi, Ninad Kelkar, mkono tayari uko kwenye shata la kufungia mlango. "Na saa saba nafunga."

Watu wa Pune wenye maduka hulala mchana hadi saa kumi, hata bibi harusi awe anabisha hodi.

"Hii umeandika inachuja mwanga. Muongo wewe. Ingechuja kweli, nikiigeuza hivi mbele ya hii nzuri, moja ingezuia mwanga ulioachwa na nyingine, pangeingia giza. Giza liko wapi?"

Ninad aliichukua, akaizungusha mwenyewe. Hapakuwa na giza. Aliona haya, halafu akacheka.

"Mambo haya umeyajulia wapi?"

"Napima nyota zilizolipuka."

Siku hiyo duka lilifungwa saa nane unusu. Baba yake Ninad, aliyemwachia duka hilo, hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake.

Kutoka hapo simu zikawa hazipoi.

"Nyota ikilipuka kama mpira," Mrunmayi alimweleza, "mwanga wake unatikisika pande zote sawasawa, unafutana. Ikilipuka kama yai, upande mmoja unazidi kidogo. Hiyo ziada ndiyo ninayoipima."

"Kwani hilo yai hulioni?"

"Ni nukta tu, mpenzi. Tena hafifu, katika milipuko yote ni miongoni mwa ile dhaifu kabisa."

"Yaani unajua umbo la kitu usichokiona. Na mimi nina umbo gani?"

"Yai. La kuchemsha."

Ninad alicheka mpaka mteja akamtazama. Alikuwa amependa, na alijijua.

Mrunmayi naye alipenda, ila kichwani alikuwa na Ijumaa. Siku hiyo angesimama mbele ya wakubwa wa taasisi yake kuonyesha kwamba mlipuko wake una umbo la yai: ziada ya asilimia moja, kazi ya miaka mitatu. Wakiridhika, wangempa yeye ile ajira moja iliyokuwa ikigombewa. Wasiporidhika, mkataba wake ungeishia Machi.

Jumatatu alimpigia Ninad kumwonjesha hotuba. Alifika mahali pa vumbi: lile linaloelea angani kati yetu na mlipuko nalo huchuja mwanga, kwa hiyo hupimwa nyota ya kawaida inayoonekana jirani na mlipuko, na kile inachoonyesha kinatolewa kwenye hesabu.

"Hiyo nyota jirani," aliuliza Ninad, "iko nyuma ya vumbi au mbele yake?"

"Una maana gani?"

"Kama iko huku kwetu, si mwanga wake haujapita kwenye vumbi? Utakuwa hujatoa kitu."

Mrunmayi alisukuma karatasi zake pembeni.

"Fundi miwani ndiye ananifundisha kazi?"

"Nauliza tu, Mrunmayi."

"Kauze fremu zako." Akakata.

Ninad alipiga mara tatu, haikupokelewa. Akaacha, asije akaonekana anadai ushindi. Kumbe ukimya huo ndio uliomuudhi zaidi Mrunmayi.

Jumatano alifungua orodha ya umbali wa nyota. Hakufanya hivyo kwa unyenyekevu. Alitaka amkomeshe. Aliisoma namba, akaisoma tena, chai ikapoa pembeni. Nyota aliyoichagua ilikuwa karibu mno nasi, na vumbi lote lilikuwa nyuma yake. Alitafuta nyingine mbili za mbali, akarudia hesabu. Ile asilimia moja ikayeyuka karibu yote. Alilia kidogo, kisha akafuta michoro yake na kuanza upya.

Ijumaa, ndani ya sari ya kijani aliyoazima kwa dada yake, alisema, "Nilikusudia kuwaambia ni yai. Si yai, ni mpira. Nilipima vumbi letu wenyewe nikadhani ni nyota."

Papo hapo profesa mmoja akauliza mlipuko dhaifu hivyo unawezaje kuwa mpira kamili namna hiyo, mwingine akadakia, na maswali hayakwisha mpaka chakula cha mchana.

Saa kumi na nusu alikuwa dukani. Ninad aliweka bisibisi chini.

"Ajira wamempa mwingine," alisema Mrunmayi.

"Kwa sababu ya mdomo wangu."

"Kwa sababu ya vumbi. Nina mpaka Machi, na nina swali zuri kuliko majibu niliyokuwa nayo. Nilikununia siku nne, Ninad. Nisamehe. Ulikuwa sawa."

"Sikutaka kuwa sawa. Nilitaka uniite."

"Basi nakuita. Jumapili njoo nyumbani, mama atapika pohe."

Pale Pune, kijana akikaribishwa sahani ya pohe, ule mchele bapa wa viungo, nyumbani kwa binti, hakaribishwi kwa ajili ya njaa. Huko hupelekwa wazazi, binti huulizwa maswali, na watu hutoka na tarehe ya harusi.

"Nije peke yangu?" aliuliza Ninad.

"Njoo na mama yako," alisema Mrunmayi. "Na uje ukiwa umekwisha kuniuliza maswali yako yote, maana yangu bado hata sijaanza."